Wote Tumo?

Nyumbani walimwita Kimya, na jina hilo lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Utotoni akitumwa dukani alirudi mikono mitupu, si kwa sababu bidhaa hazikuwepo, bali kila mteja aliyeingia nyuma yake alimpita, naye akaona haya kusema kwamba alikuwa wa kwanza. Alipomaliza chuo akapata kazi maktaba, kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. "Mola hamtupi mja wake," alisema. "Amempa mtu kazi ambayo ukipiga chafya unaomba radhi."

Lakini safari ya ziwa aliipanga yeye, Kimya, na hakuna aliyemsaidia.

Mama yao alikuwa amestaafu kutoka hospitali, alikokuwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Dirisha la chumba kile lilitazama ziwa, lakini mvuke wa mashine ulilifunika kutwa nzima, ikawa kila Mama akitaka kuona nje hukifuta kioo kwa kiganja. Katika tundu hilo la ukubwa wa sahani ndimo alimoiona meli nyeupe ya matembezi ikipita, watu wamekaa juu sitahani, vinywaji mkononi, naye mkononi ana shuka za wagonjwa. "Iko siku na mimi nitakaa pale juu," alizoea kuwaambia wanawe. "Nitazame hospitali kutoka majini, nione inavyoonekana."

Meli haikuanzia kwao. Ziwa lile lina ghuba nyingi kama vidole vya mkono, na kulifikia gati la meli lazima uvuke ghuba ya kwanza kwa kivuko, ufuate ufuko kwa garimoshi hadi njia panda, kisha upande basi linalopita juu ya kilima. Kimya alikaa na ratiba jioni nyingi, akaziunganisha kama mtu anayefuma. Akanunua ile tiketi ya kundi, karatasi moja inayobeba watu wanne siku nzima, kivuko, garimoshi, basi na meli yenyewe. Akachagua na viti vya sitahani, viwili viwili kando ya vyuma: yeye na Mama mbele, kaka na mkewe nyuma yao. Hakumwambia mtu kuhusu viti. Aliuweka mpango huo moyoni na kuupasha moto kila alipokwenda kulala.

Basi Jumamosi ikafika, wakaondoka wanne: Mama na kofia yake mpya, kaka aliye fundi wa lifti, mkewe, na Kimya mwenye tiketi.

Huyo mke wa kaka alikuwa kinyozi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mkasi wake. Kwenye kivuko alikuwa ameshajua nahodha ana watoto wangapi. Kwenye garimoshi, mkagua tiketi alipofika, Kimya alimnyooshea karatasi, lakini hakuna aliyemtazama.

"Samahani, kaka," wifi alimwambia mkagua tiketi kwa sauti ya huruma. "Nani kakunyoa?"

Mkagua tiketi akajishika kichwa. "Kwani vipi?"

"Mtaje tu. Sisi tutashtaki, wewe utakuwa shahidi."

Behewa zima likacheka. "Akili ni nywele," akasema mkagua tiketi kujitetea, "kila mtu ana zake."

"Ndiyo, na zako kuna mtu ameondoka nazo."

Mama alicheka mpaka kofia ikamwendea kisogoni. Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamshika mkwewe bega. "Huyu ndiye anayetutembeza leo," alimwambia mkagua tiketi. "Bila huyu tungekuwa tunasafiri kama watu wanaotoka kuzika." Kisha akageuka. "Na huko melini mimi nakaa na mkwe wangu, anichekeshe. Nyinyi ndugu wawili mtakaa nyuma mlinde mikoba."

"Sawa, mama," alisema kaka.

Kimya alitabasamu kwa midomo. Aliikunja tiketi, akairudisha kwenye mkoba mdogo aliouvaa kifuani, akatazama maji yanavyopita dirishani. Kama watu wanaotoka kuzika. Mama hakuwa na nia mbaya, alilijua hilo. Na kwa kuwa hakukuwa na nia mbaya, ndiyo maana neno lilikuwa la kweli.

Njia panda ilikuwa kituo kidogo: jukwaa, mgahawa wenye mlango wa wavu, na basi kubwa limesimama kivulini likingoja abiria wa garimoshi. Mama tumbo humchafuka akikaa nyuma, kwa hiyo kaka alimkalisha kiti cha mbele kabisa, naye akakaa ubavuni pake. Nafasi zilizobaki zilikuwa nyuma. Wifi akautupa mkoba wake kwenye kiti kimoja, akachomoa chupa ya chai tupu.

"Mama hajameza dawa ya kifua, na ile haiendi na maji baridi," alisema. "Naomba maji ya moto pale mgahawani. Wifi, muda ninao?"

Kimya aliitikia kwa kichwa kwamba anao. Hapo hakuwa na ubaya wowote, na baadaye alijishikilia kwenye jambo hilo kama mtu anayeshikilia mzizi kwenye maporomoko. Ratiba ilisema basi husubiri garimoshi la pili kutoka upande wa pili. Ila safu aliyoisoma ilikuwa ya siku za kazi. Jumamosi hakuna garimoshi la pili.

Dereva alipanda, akafunga mlango wa nyuma. Madereva wa ziwa lile wana desturi yao ya kazi: kabla ya kuondoka, husimama kwenye ngazi, huwatazama abiria na kuuliza. Kama wote wapo, abiria hujibu. Kama mtu hayupo, mwenzake husema "bado mmoja", na dereva husubiri bila kununa.

"Haya," alisema dereva. "Wote tumo?"

Kimya alitazama nje. Mlango wa wavu wa mgahawa ulifunguka, wifi akatoka, chupa ameikumbatia kifuani ili isimwagike, mkono mwingine ameuinua. Alikuwa akitembea upesi, karibu kukimbia. Macho yao yakakutana kwenye kioo.

Bado mmoja. Maneno mawili. Yalimfika Kimya kwenye ulimi kabisa, akayasikia yana uzito wa kokoto. Na papo hapo akasikia tena: mtakaa nyuma mlinde mikoba.

"Tumo," walijibu abiria.

Dereva akaketi. Basi likazunguka jukwaa taratibu, likashika barabara ya kilima. Mkono wa wifi ulibaki juu kwa muda, kisha ukashuka.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo Kimya aliusikia ndani, kifuani, ulivyoanza kugonga mara tu kituo kilipopotea nyuma ya miti. Alijaribu kujipoza. Kuna basi jingine. Wifi hanyamazi, atapata msaada. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyezisuka ratiba zile, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya basi lile: basi linalofuata hufika gatini meli ikiwa imeshaondoka. Alijua pia kwamba wifi hana tiketi, kwa kuwa tiketi iko kifuani kwake, na hana chochote kingine, kwa kuwa mkoba wake umekaa pale kitini umefunguka zipu, umelala ubavu kama mtu anayesinzia.

Angeweza kuinuka hata sasa, akaenda mbele, akamwambia dereva. Alijiambia ataenda baada ya kona ile. Kona ikapita. Alijiambia baada ya daraja.

Kabla ya daraja, mkoba ukaanza kuimba.

Ilikuwa simu ya wifi. Mbele kule Mama alikuwa ameshika yake sikioni, maana alitaka maji ameze dawa, na aliona ni ustaarabu kupiga kuliko kupaza sauti kwenye basi la watu. Simu iliimba mpaka mwisho. Ikaanza tena. Vichwa vikageuka. Kaka akainuka, akaja nyuma akishika viti, akautazama mkoba, akatazama kiti kitupu.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Amebaki," alisema Kimya, na sauti haikufika hata kwenye kiti cha mbele yake.

"Amebaki wapi?"

"Njia panda. Alikwenda kuomba maji."

"Na dereva ameuliza! Mdogo wangu, mbona hukusema?"

Kimya alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale mlangoni, ungeweza kutoka. Lakini Mama alikuwa ameshafika, ameshika vyuma vya juu, kofia imekaa upande.

"Mwache mwanangu," Mama alimwambia kaka. "Hukumjua leo wala jana. Huyu angepasuka kifua kabla ya kupaza sauti mbele ya watu. Kosa letu sisi, tumemwachia kazi isiyo yake."

"Maskini," alisema mama mmoja wa kiti cha jirani, akamnyooshea Kimya peremende. "Na wangu yuko hivyo hivyo."

Kaka alimshika Kimya kichwa kidogo, kama alivyomshika utotoni. "Basi. Si neno. Nimeudhika tu." Akaenda kuzungumza na dereva, na dereva akaita kituoni kwa redio ya basi. Jibu likaja kwamba ndiyo, kuna mwanamke mwenye chupa, anasema sana, amekubaliwa kupanda basi linalofuata. Ila kuiwahi meli, hapana.

"Njoo ukae na mimi mbele," Mama alimwambia Kimya.

Akaenda, akakaa, akiwa ameupakata mkoba wa wifi. Mama aliushika mkono wake, akauweka juu ya goti lake, akaupapasa kwa kiganja kile kilichokauka kwa sabuni za hospitali. "Usijilaumu," alisema. "Nilipaswa kujua. Wewe ndiye uliyetupangia yote haya, sivyo? Kaka yako kaniambia sasa hivi. Nikawa namshukuru mwingine. Ulimi wangu huu."

Kimya alikuwa amekipata. Kiti cha kando ya Mama, mkono wa Mama, shukrani ya Mama, vyote kwa pamoja, na ziwa limejifunua chini ya kilima likimetameta. Hakujua kwamba mtu anaweza kupewa kila alichokitaka kikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila Mama alipompapasa alitaka kuondoa mkono, na kila alipotaka kuuondoa aliona kwamba hata hilo Mama angeliita haya.

Maisha yake yote, haya yake ilikuwa ya kweli. Ilimnyima mengi: nafasi kwenye foleni, majibu aliyoyajua darasani, hata mchumba mmoja aliyechoka kungoja neno. Leo kwa mara ya kwanza ilikuwa imemfaa. Amejificha ndani yake kama mwizi ndani ya nyumba ya jamaa zake, na jamaa wenyewe wamesimama mlangoni wakiwaambia askari hakuna mtu.

Gatini meli ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Ilikuwa nyeupe kweli, kubwa kuliko ilivyoonekana kwenye kioo cha chumba cha kufulia. Mama alisimama akaitazama, kisha akamtazama mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa akibishana na afisa chini ya ngazi.

"Tiketi ni ya wanne," alisema afisa. "Naona watatu. Meli haisubiri, bwana. Lakini itasimama gati la pili saa za mchana, kuchukua watu. Huko anaweza kupanda."

"Basi nyinyi tangulieni," kaka alisema. "Mimi nitamsubiri mke wangu, tuje wote."

"Na mimi nani atanipandisha zile ngazi?" Mama aliuliza kwa upole. Magoti yake hayakuwa ya ngazi ndefu, na Kimya hakuwa na mwili wa kumwinua mtu. "Tusipande basi. Twende nyumbani. Itapita siku nyingine."

Alilisema kama anavyolisema mtu aliyezoea kuona meli ikipita.

"Kaka, panda na Mama," alisema Kimya. "Mimi ndiye wa kubaki."

"Ni mke wangu, mdogo wangu. Wewe umeshahangaika vya kutosha."

"Nilimwona."

Kaka hakuelewa. "Nani?"

"Wifi. Dereva alipouliza. Alikuwa anakuja, ameinua mkono, na mimi nilimwona, na yeye aliniona." Sauti ilitoka yote. "Nilikuwa na neno mdomoni nikalimeza. Haikuwa haya, kaka. Ninaijua haya. Ile haikuwa haya."

Afisa wa meli akajifanya anatazama kamba. Kaka alimtazama dada yake kama fundi anavyoitazama lifti iliyokuwa nzima jana. Mkono wa Mama ulikuwa bado kwenye mkono wa Kimya. Aliutoa taratibu, kama mtu anayechomoa shuka kwenye mashine akiogopa isichanike, akashika kamba ya ngazi.

"Nipandishe," alimwambia mwanawe.

Afisa akatoboa tiketi matundu mawili, akamrudishia Kimya. "Mawili yaliyobaki mtayatumia kule." Meli ikapiga honi ya pili. Kimya alisimama gatini na mkoba wa wifi, akaiona kofia mpya ikitokea juu sitahani, kwenye kiti alichokichagua yeye. Kofia ilitazama ziwa. Haikugeuka.

Basi lilipofika, meli ilikuwa imebaki weupe mdogo kwenye mdomo wa ghuba. Wifi alishuka wa mwisho, chupa bado kifuani. Alitazama majini, kisha akamtazama Kimya.

"Imeondoka."

"Imeondoka. Mama yumo, na kaka. Itasimama gati la pili, na kuna basi la kwenda huko." Alimnyooshea mkoba wake.

Wifi aliuchukua, akaufunga zipu bila kuangalia ndani. "Na wewe umebaki kufanya nini?"

"Kukusubiri."

"Aa. Leo unasubiri."

Wakaenda kituo cha basi, hatua chache kutoka gatini, wakakaa kwenye benchi. Kimya alingoja matusi. Aliyatamani hata.

"Niliona unaniona," wifi alisema hatimaye. "Nikajiambia labda jua limepiga kioo. Nikajiambia labda ni ile haya yake imemkaba. Njia nzima, wifi yangu, nimekuwa wakili wako. Dereva amechoka kunisikia nikikutetea. Sasa niambie wewe, mteja wangu ana hatia au hana?"

"Anayo."

Wifi alitikisa kichwa polepole. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ukiwepo, Mama anacheka."

"Basi?"

"Basi."

Bata wa maji alipita karibu na nguzo za gati, akazama, akaibukia mbali. Wifi aliigeuza chupa mapajani.

"Nilipoolewa kwenu," alisema, "nyumba ile ilikuwa imetulia mpaka nikaona saa ya ukutani inanisengenya. Mama anatazama televisheni, wewe unasoma, mume wangu yuko kazini. Nikaogopa. Mimi nikiogopa nasema. Wewe ukiogopa unafunga mdomo, mimi naufungua, tofauti yetu ni hiyo tu. Unadhani nampenda yule mkagua tiketi? Natokwa jasho mpaka mgongoni nikimchekesha mama yenu."

Kimya hakuwahi kulifikiria hilo. Alitazama mikono ya wifi, iliyokuwa bado inaigeuza chupa.

"Umepandaje bila tiketi?" aliuliza, maana alishindwa kusema lililo kubwa.

"Dereva nimemwahidi kuwanyoa watoto wake wote. Sikumuuliza wangapi. Kwa alivyofurahi, nadhani ni wengi."

Kimya alicheka bila kutaka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kiganja. Wifi hakumbembeleza. Basi la gati la pili lilikuja, wakapanda, wakakaa pamoja, na wifi akauweka mkoba wake katikati yao kama ukuta.

Abiria walikuwa wachache. Dereva, mzee mwenye miwani, alisimama kwenye ngazi.

"Wote tumo?"

Wifi alimtazama Kimya, kisha akatazama dirishani, na Kimya akafuata macho yake mpaka nje. Kule mwisho wa gati bibi mmoja alikuwa anakuja, kapu kichwani, mjukuu mkononi, wala si wa kwao, wala hakuna mtu ndani aliyemjua. Bibi hakuweza kukimbia, na hakuwa na mkono wa kuinua.

"Tu..." abiria walianza.

"Bado!" alisema Kimya. Sauti ilitoka imepasuka, kubwa kuliko alivyodhani anayo, na basi zima likageuka. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Bado wawili. Kuna bibi, anakuja na mtoto."

"Haya," alisema dereva, akashuka kumpokea bibi kapu lake.

"Kumbe sauti unayo," alisema wifi.

Kimya alikuwa anafikiria gati la pili, ngazi ya meli, na kofia ile ambayo haikugeuka. Aliijua njia yote ya kufika huko, kituo kwa kituo, lakini hakujua atasema nini akifika. Basi likaondoka, likashika barabara ya ufukoni, na baada ya kona ya kwanza meli ikaonekana tena, nyeupe, inakwenda upande ule ule wanaokwenda wao.

Wifi alitoa mkoba katikati akauweka miguuni. Akalegeza kifuniko cha chupa, mvuke ukamgusa kiganja. "Bado ya moto," alisema, akamwekea Kimya mapajani. "Utampa Mama wewe, ameze dawa."

"Mpe wewe, wifi. Wewe ndiye uliyeyaleta."

"Sijasema nimekusamehe," alisema wifi, akigeukia dirisha. "Nimesema utampa maji."